Mabwana Umva na Vuga wa Jumba la Simu

INATANGAZWA kwa wananchi wote wa Kigoma, Ujiji na vitongoji vyake, wenyeji, wageni na wakimbizi waliosajiliwa, kwamba Jumba la Simu limegunduliwa.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, mwaka wa tisini na sita, kwenye ukuta wa Jumba la Simu lenyewe, ili wale ambao hawajaliona walione. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani walilisoma, wakainua macho kulitazama jumba, wakaridhika kwamba ni kweli, lipo. Bibi mmoja muuza dagaa aliuliza kama baada ya kugunduliwa litaendelea kuwa hapo hapo. Akajibiwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi.

Waliogundua ni Tume ya Muda ya Kubaini Majengo Yenye Umri, iliyokuja kwa treni kutoka makao makuu ikiongozwa na Bwana Bonaventura, mtu wa suti ya kijivu na mihuri mitatu, mmoja ukiwa wa kuthibitisha ile miwili. Tume ilikuwa na wajumbe saba: mwenyekiti, katibu, katibu msaidizi, mtaalamu wa kamera, mtaalamu wa futi ya kupimia, dereva aliyekuja bila gari, na mwenyeji mmoja. Wenyeji wengine hawakuteuliwa, ili kuepusha mgongano wa maslahi. Kanuni iko wazi: mtu hawezi kuchunguza kitu anachokijua.

Mwenyeji huyo mmoja alikuwa Mzee Khalfani wa Ujiji, opareta mstaafu, aliyekaa mbele ya ubao wa simu miaka thelathini na mmoja akichomeka na kuchomoa waya, na ambaye hadi anastaafu hakuwahi kumkatia mtu simu, isipokuwa mazungumzo yakipoa. Uteuzi aliukubali kabla barua haijaandikwa. Alivaa kanzu yake ya Idi, akachomeka kalamu mbili mfukoni, moja haina wino, akamuaga mkewe Hidaya kwamba anakwenda kulitumikia taifa.

Hidaya alikuwa anachambua mchele. "Nenda," akamwambia, "lakini usiwape ile ya mamba."

Aliwapa ile ya mamba siku ya kwanza. Kwamba waya wa kwanza ulipitishwa ziwani, mamba akaumeza, na kwa miezi miwili kila aliyepiga simu Kigoma alisikia tumbo. Katibu akaandika: *Changamoto za miundombinu, mamba 1.*

Lazima ikubalike kwamba jumba lilistahili kugunduliwa. Lilijengwa na Kampuni ya Simu ya Ziwa, wakati reli ndiyo kwanza inafika, kwa mawe yaliyobebwa kichwani kutoka ufukweni. Kuta zake zina unene wa mkono wa mtu mzima, ili siri zisivuje. Madirisha yako juu kiasi kwamba nje huoni, na wa nje hakuoni. Khalfani aliieleza Tume kwamba hiyo ilikuwa kuzuia upepo wa ziwa usipeperushe maneno kabla hayajafika kwenye waya. Paa lina mteremko mkali wa kumwaga theluji, na hadi leo halijashindwa kazi hiyo hata mara moja. Mbele kuna baraza ya matao matano. Juu kabisa kuna kinara kidogo kisicho na mlango wala ngazi, na hakuna ajuaye kilijengewa nini. Khalfani alijua. Kilikuwa cha kupozea simu za hasira.

Historia nayo ilikuwa nzito. Miaka ya mwanzo, alisema, mji mzima ulikuwa na simu mbili: moja humo jumbani na moja nyumbani kwa Bwana Mkubwa, kilimani. Bwana Mkubwa akiinua simu, opareta anamuuliza, "Unamtaka nani?" Anafikiri kwanza. Hakuna mwingine wa kumtaka. Basi anasema, "Nakutaka wewe," na opareta anamwambia asubiri, anamtafuta.

Bonaventura hakucheka. Aliagiza hayo yaandikwe chini ya kichwa *Ufanisi*.

Mambo yangeishia hapo, Tume ingekunywa chai na kupanda treni, kama mtaalamu wa futi asingekwangua chokaa ndani ya kichumba cha kwanza cha simu. Viko viwili, vya mbao, vimeegemezwa ukuta wa mawe, na hicho cha kwanza ndicho chenye laini inayofika mbali. Chini ya chokaa kuukuu, kwenye lipu ya ukuta huo, yakatokea maandishi. Kushoto: UMVA. Kulia: VUGA.

Tume ilikusanyika ikazuia pumzi. Katibu alipendekeza kwamba ni kifupi, Umoja wa Makampuni ya Vyombo vya Anga, lakini hakupata jibu la VUGA. Katibu msaidizi alikumbuka kwamba Vuga ni mahali fulani huko Usambara. Bonaventura akavua miwani, akamgeukia mwenyeji.

"Mzee, hawa ni nani?"

Sasa hapo ndipo Khalfani alipotakiwa kusema kweli, na kweli alikuwa nayo, tena peke yake. Mwaka wa hamsini na nane, akiwa kijana mwenye nywele, ukuta wa kichumba hicho ulipigwa lipu mpya. Simu ya siku hizo ilikuwa vipande viwili, kimoja cha sikioni na kingine cha mdomoni, na wakulima waliotoka Simbo kuja kuulizia bei na misiba walikuwa wakivibadilisha, wakisemea cha kusikilizia na kusikiliza cha kusemea, wakirudi nyumbani na habari kwamba ndugu zao wamekuwa mabubu. Khalfani akachukua msumari, akaandika kwenye lipu mbichi, kwa Kiha cha bibi yake mzaa mama. Upande wa sikio, *umva*: sikia. Upande wa mdomo, *vuga*: sema. Kila Muha anajua, na kila Mrundi pia, maana Kirundi na Kiha ni mtu na binamu yake.

Lakini kusema hivyo kulikuwa na gharama tatu. Kwanza, kuchora ukuta wa ofisi kulikuwa kosa. Pili, Khalfani alikuwa amewaambia watu miaka yote kwamba yeye ni Mujiji wa Kiswahili kitupu na Kiha hakijui hata cha kuombea maji. Bibi wa Simbo hakuwemo kwenye ukoo anaoutangaza. Tatu, wakati huohuo chapati zilikuwa zinaingia.

"Hao," akasema, "ndio wasanifu wenyewe."

Kalamu saba zikashuka kwenye karatasi, ikiwemo ile isiyo na wino. Khalfani akajikuta anaendelea, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi akaamua kuliita ngoma. Bwana Umva, alisema, alikuwa Mjerumani mkimya, msikivu, ndiye aliyechora kuta na madirisha. Bwana Vuga alikuwa mwingi wa maneno, yake ni baraza. Walifanya kazi miaka miwili, mmoja akisema, mwenziwe akisikiliza, wakagombana mara moja tu, juu ya kinara.

Nyuma ya kaunta, Hasna, opareta wa zamu na binti wa dada yake Khalfani, aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumatano asubuhi ukatoka uamuzi. Kichumba cha kwanza kinatangazwa kuwa Eneo la Tafakuri ya Usanifu. Kitafungwa kwa utepe, simu yake itatulizwa kabisa mara baada ya sherehe, na jiwe la marumaru la kuwakumbuka Mabwana Umva na Vuga litafunuliwa kesho yake, Alhamisi, saa tisa alasiri. Khalfani alilisoma tangazo mara tatu. Aliona jina lake chini: *Mshauri wa Kihistoria.* Akaona ni tangazo zuri.

Akiwa bado anajisoma, Hasna akamwita kaunta. "Mjomba, hujamaliza kazi. Njoo umweleze huyu mama."

Mama huyo alikuwa Spesiosa, Mrundi wa kambini, mwembamba, kitenge chake kimefuliwa hadi maua yakakata tamaa. Alikuwa ameshika kibali cha kutoka kambi cha siku tatu, na leo ilikuwa ya pili. Hasna akaeleza kwa ufupi. Walipokimbia, Spesiosa na bintiye Armelle walipanda mitumbwi tofauti, mmoja ukaja huku, mwingine ukateremka na ziwa. Mwaka mzima hajui kama ana mtoto au ana jina la mtoto. Kisha baharia wa meli akaleta neno: Armelle yu hai, yuko Mpulungu, Zambia, kwa watu wema, lakini Ijumaa watu hao wanahama kwenda mbali zaidi na hajui ni wapi. Hasna akampa baharia namba ya kichumba cha kwanza. Meli ikaenda, ikarudi na jibu: nitapiga Alhamisi, saa kumi jioni.

"Hamisha iende kichumba cha pili," Khalfani akasema.

"Cha pili hakivuki Kasulu, mjomba. Unajua."

Alijua. Aliuliza kama neno haliwezi kutumwa upya. Meli ilikuwa imeshang'oa nanga, na itafika Mpulungu Armelle ameshaondoka.

Spesiosa hakulia wala kulalamika. Alimuuliza tu, kwa Kiswahili chake cha kupima hatua, "Mzee, hao wazungu wawili waliofariki, wanaihitaji hiyo simu?"

Khalfani alirudi Ujiji kwa miguu.

Hidaya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye aliolewa na mwongo kwa hiari yake na hajutii, lakini uongo wa mume wake siku zote ulikuwa wa kuchekesha watu, haujawahi kumpokonya mtu mtoto. "Kawaambie ni wewe."

"Watajua nina bibi wa Simbo."

"Bibi yako anajulikana Ujiji nzima, baba. Ni wewe tu uliyekuwa hujaambiwa."

Alhamisi asubuhi alikwenda nyumba ya wageni alikofikia Bonaventura, akamkuta anajaribu mihuri. Akamwambia yote: lipu, msumari, wakulima, chapati. Bonaventura alisikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri mvua iishe. Akamuuliza kama ana uthibitisho. Khalfani alikuwa amekuja na msumari. Akaomba kipande cha ubao, akachora UMVA, na ile A yenye mkia wa kushoto, sawasawa na ya ukutani.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaulinganisha ubao na picha ya mtaalamu wa kamera. Alichukua muda. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mzee Khalfani," akasema, "umempenda Bwana Umva mpaka umejifunza mwandiko wake."

Khalfani akarudia kwamba huyo Umva ni yeye. Bonaventura akampapasa bega. Wasanifu, alimweleza, wameshapigwa mihuri mitatu. Kufutwa kwao kunahitaji kikao cha Tume, akidi, na vyeti vya kifo, na vyeti vya kifo havitolewi kwa mtu ambaye hakuzaliwa. Kisheria, hawa watu sasa hawawezi kutoweka. Maelezo ya mzee yataingizwa kwenye kumbukumbu. Na yaliingizwa: *Mshauri wa Kihistoria amechoka kwa kazi nyingi. Aongezewe chai.*

Sherehe ya saa tisa ilianza saa tisa na dakika arobaini, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa kwenye treni na treni ilikuwa Tabora. Tume ilijadili, ikaamua Bwana Bonaventura awe mgeni rasmi pia. Kwa hiyo alisimama kama mwenyeji, akajikaribisha, akaketi. Akasimama kama mgeni rasmi, akajishukuru kwa makaribisho mazuri. Kichumba kilikuwa kimezungushiwa utepe mwekundu, na barazani walijaa watu: wachukuzi wa bandarini, wauza dagaa, wakulima wa Simbo, wakimbizi waliokuwa wakisubiri zamu za simu. Waha wakampigia makofi yale ya polepole ya kusalimia. Bonaventura akainama kushukuru kushangiliwa, wao wakaona amesalimiwa na hakuitikia, wakampigia tena, naye akainama tena. Ilichukua muda.

Spesiosa alisimama karibu na utepe. Khalfani alisimama karibu na Spesiosa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika mbili.

Bonaventura akavuta pazia la jiwe. Kisha akanyoosha mkono juu, kama mtu anayeita shujaa kutoka kaburini, akapaza sauti: "UMVA!"

Baraza nzima ikanyamaza kimya. Mchukuzi akatua gunia. Muuza dagaa aliyekuwa anatafuna akaacha. Hakuna mkubwa aliyewahi kuwaambia wasikilize kwa lugha yao, tena bila mkalimani.

"*Turumva,*" wakajibu kwa pamoja. Tunasikia.

Bonaventura akageuka kwa Tume yake, uso uking'aa. Akanyoosha mkono wa pili. "VUGA!"

Sasa watu wakatazamana. Ameamuru mtu aseme, lakini nani? Ndipo Khalfani alipomsukuma Spesiosa taratibu kwenye kiwiko. "Umeambiwa useme," akamnong'oneza. "Sema."

Spesiosa akasogea mbele. Akasema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia, kwamba mwanawe anapiga simu saa hii, kwenye simu iliyoko nyuma ya utepe, na haombi kitu kingine, haombi chakula wala turubai, anaomba aiinue.

Bonaventura alifungua mdomo kumweleza utaratibu. Simu ikaita.

Iliita kwa mlio mnene wa simu za mbali, na mawe ya mabwana wale yakaupokea na kuuzungusha barazani. Mwenyekiti aliutazama utepe. Kanuni, alisema, inakataza utepe kukatwa kabla ya muda wa tafakuri. Ikaita mara ya tatu. Ya nne. Khalfani alijua simu kama ndugu. Alijua mtu wa Mpulungu hangojei zaidi ya mara saba. Kusema kweli alishakujaribu asubuhi, na hakukufaa kitu.

"Bwana Mkubwa," akasema, "hao watakuwa jamaa wa marehemu. Wamesikia leo anaenziwa."

Bonaventura alikata utepe kwa meno. Aliinua mkono wa simu, akasimama wima, akataja cheo chake. Upande wa pili ikatoka sauti nyembamba ya msichana, ikipiga kelele kuvuka ziwa zima: "*Umva! Umva, mama! Mama, uranyumva?*" Sikia, mama, unanisikia?

"Ni wao," Bonaventura akanong'ona. "Wanamtaja. Wanasema Umva." Akaziba simu kwa kiganja. "Kijerumani chao kina lafudhi. Nani hapa anajua Kijerumani?"

"Huyu mama," Khalfani akasema.

Wajumbe wakampisha. Spesiosa akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili, akauweka sikioni. Na neno alilomtakia mwanawe lilikuwa lile la ukutani, upande wa kulia.

"Armelle," akasema. "*Ndakumva. Vuga*, mwanangu." Nakusikia. Sema.

Kumbukumbu za Tume zinaeleza yaliyofuata kwa usahihi: *Mkalimani wa Kijerumani, Bi Spesiosa, alizungumza na familia ya msanifu kwa dakika kumi na moja, akilia kwa heshima ya historia. Aliandika mahali familia inapohamia. Tume imeguswa. Inapendekezwa laini hii isifungwe kamwe, na wakalimani waruhusiwe kuitumia kila Alhamisi.*

Tangu hapo, kila Alhamisi, foleni ya wakalimani wa Kijerumani ilianzia kichumbani, ikapita matao matano, ikashuka hadi karibu na stesheni. Wengi walitoka kambini, wengine Katubuka, wengine Rusimbi. Khalfani alikuwa akiwapanga, kwa Kiha, na Kiha chake kilikuwa kibovu, watu wakimcheka naye akistahili.

Miezi minne baadaye, Alhamisi pia, simu ikaita kutoka makao makuu. Bonaventura alikuwa amepandishwa cheo kwa ugunduzi wake na sasa alitakiwa kuonyesha kaburi la wasanifu wake. Laini ilikuwa mbaya. Hasna aliinua.

"Kigoma? Nazungumzia Umva. Umva!"

"*Ndakumva,*" Hasna akajibu. "*Vuga.*"

"Naye pia. Wote wawili."

Walikwenda hivyo dakika kadhaa, kila mmoja akiridhika na mwenzake, mpaka Hasna alipoishiwa nguvu za kujizuia akamkabidhi mjomba wake. Khalfani akamwambia tena, polepole, neno moja moja, maana ya umva na maana ya vuga. Safari hii hapakuwa na mihuri mezani, wala watu wa kutazamwa nao.

"Nani mwingine anajua?" Bonaventura akauliza.

"Kigoma yote, Bwana Mkubwa. Na Kasulu. Na ng'ambo ya ziwa."

"Kwa hiyo siku ile, mbele za watu, nilipokuwa napaza sauti..."

"Ulituamuru tusikilize, tukakujibu tunasikia. Ukaamuru mtu aseme, mama yule akasema."

"Nikaandika kwenye ripoti," Bonaventura akasema kwa sauti ndogo, "kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mkubwa."

"Ulikuwa mkubwa kweli. Sijawahi kuona kiongozi akaeleweka vile."

Bonaventura akakohoa, akajikusanya, akaanza kueleza msimamo wa ofisi. Kwanza, alisema, lazima ifahamike kwamba katika mazingira ya wakati ule, kwa kuzingatia taarifa zilizokuwepo...

"Samahani, Bwana Mkubwa," Khalfani akamkatiza. "Utaratibu wa jumba hili uko ukutani. Mmeuchonga wenyewe kwenye marumaru. Kwanza Umva."

Upande wa pili pakanyamazwa. Khalfani akageuka kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Simbo, mtu mzima, aliyekuja na malalamiko ya barabara, daraja, na ofisa mmoja ambaye hakumtaja jina ila alieleza tumbo lake. Aliupokea mkono wa simu akauweka kichwa chini miguu juu. Khalfani akaugeuza ukakaa sawa, akamwonyesha ukutani, upande wa kulia.

"*Vuga,*" akamwambia. "Usiwe na haraka. Anasikiliza."